Mtoto amekataa kwenda kwa ndugu: sheria inampa nguvu gani, na wewe unayemlea ufanye nini

Kwenye ofisi za ustawi wa jamii swali hili huulizwa hivi hivi: "Akifika miaka mingapi anaruhusiwa kukataa?" Anayeuliza anaweza kuwa mama aliyeachika, bibi anayelea wajukuu wa marehemu binti yake, au baba anayeishi na watoto huku wajomba zao wakidai kuwaona kila likizo. Jibu la sheria ya Tanzania Bara ni fupi: umri huo haupo. Hakuna kifungu kinachosema mtoto wa miaka 10, 12 au 14 akitamka "siendi" basi mjadala umekwisha. Kilichopo ni haki ya mtoto kusikilizwa. Neno lake litakuwa na uzito gani mbele ya hakimu kunategemea ukomavu wake, sababu anazozitoa, na kama neno lile ni lake mwenyewe au amelishwa.

Hilo la mwisho watu hulipuuza, na kwa maoni yangu ndilo linalowaponza wengi. Mtoto mwenye sababu nzuri kabisa anaweza kupoteza nguvu ya neno lake kwa sababu mtu mzima aliye karibu naye ameligeuza kuwa silaha yake.

Sheria zinazohusika ni mbili: Sheria ya Ndoa ya 1971 (Sura ya 29) na Sheria ya Mtoto ya 2009 (Sura ya 13). Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la 2019. Ukipata toleo jipya zaidi, tafuta kwa kichwa cha kifungu badala ya kung'ang'ania namba.

Kwanza tuondoe uvumi wa umri

Mtaani watu husema, "Akitimiza miaka saba, baba anakuja kumchukua." Usemi huu una mzizi, ila umepindishwa. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema mahakama itachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na sheria yenyewe inamtaka hakimu afikirie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Haijasema popote kwamba siku anapotimiza saba anahamia kwa baba au kwa ukoo wa baba. Kinachotokea akivuka umri huo ni kwamba dhana ile ya kukaa kwa mama inaondoka, na hakimu anapima mambo yote kwa pamoja.

Kifungu hicho hicho kinaweka mpangilio mzuri wa kuukumbuka. Juu ya yote ni ustawi wa mtoto. Chini yake yanafuata matakwa ya wazazi, kisha matakwa ya mtoto kama umri wake unamwezesha kutoa maoni yake mwenyewe, kisha mila za jamii ya wahusika. Kwa hiyo mzee wa ukoo anayesimama na kusema "mahari ililipwa, mtoto ni wetu" anasikilizwa, lakini hoja yake imekaa chini ya ustawi wa mtoto.

Sheria ya Mtoto inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 11 kinampa haki ya maoni: mtu yeyote asimnyime mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni nafasi ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika uamuzi unaogusa maisha yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema jambo hilo hilo katika ibara ya 12. Kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua mwaka 2009 kwamba nchi zisiweke umri wa chini wa kusikilizwa. Hata wa miaka minne ana namna yake ya kusema, wakati mwingine kwa kuchora au kwa kukaa kimya.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, kuna jambo jingine linalochanganywa. Fikihi ya Shafii (sheria ya dini kwa madhehebu hayo) inampa mtoto aliyefikia umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa karibu miaka saba, nafasi ya kuchagua akae kwa mama au kwa baba. Uchaguzi huo ni wa makazi. Haukati undugu, na mvulana aliyechagua baba hazuiwi kwenda kumzuru mama yake. Kwa hiyo hata huko hutapata umri wa "kukataa ndugu".

Na kama binamu yako aliye Marekani amekwambia kuwa mtoto wa miaka 14 anajiamulia, huenda hajakosea kwa jimbo analoishi. Georgia inampa mtoto wa umri huo haki ya kuchagua mzazi wa kukaa naye, na hata huko jaji anaweza kuukataa uchaguzi wake. Sheria hiyo haijavuka bahari.

Hatua ya kwanza: jua kama kuna amri ya mahakama

Kabla ya kubishana na mtu, tafuta karatasi. Mambo yote yanayofuata yanategemea kama kuna hakimu aliyekwisha kuamua au la.

Kama hakuna amri, tofautisha mzazi na ndugu wengine. Mzazi ana nafasi yake kisheria. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinasema wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, isipokuwa kama mpango huo unaingilia masomo yake. Soma tena maneno hayo. Haki ni ya mtoto, na kutaka ni kwa mtoto. Kifungu hakisemi moja kwa moja kwamba mtoto anaweza kukataa, na ukimfikisha mzazi mwenzako mahakamani kwa kutegemea sentensi hiyo peke yake utapata shida. Lakini ni vigumu pia kuichukua haki aliyopewa mtoto na kuigeuza fimbo ya kumchapia.

Shangazi, mjomba, babu na bibi wako mahali pengine. Hao hawana amri mkononi hadi mahakama iwape. Milango yao ni miwili. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mtoto kinamruhusu mzazi, mlezi, au ndugu ambaye amekuwa akimtunza mtoto kuomba nafasi ya kumwona mara kwa mara. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa nacho kinaipa mahakama uwezo wa kuelekeza mtoto amtembelee mzazi aliyenyimwa malezi, au mtu wa familia ya mzazi aliyefariki au aliyenyimwa malezi, na pia kumpa mtu huyo haki ya kumwona mtoto kwa vipindi ambavyo mahakama itaona vinafaa. Hapo ndipo anapoingia bibi mzaa baba ambaye mwanawe amefariki na mkwe amehama na wajukuu. Ana hoja ya kweli, na mahakama zinaielewa. Lakini kabla hajaipeleka, hawezi kutuma mgambo wala mwenyekiti wa mtaa amchukue mtoto, na mtoto anayegoma kwenda kwake wikendi hajavunja sheria yoyote. Wewe pia hujavunja.

Kama amri ipo, isome neno kwa neno. Nenda masijala ya mahakama iliyotoa uamuzi ukaombe nakala iliyothibitishwa, usitegemee alichokusimulia ndugu aliyekuwepo siku ya hukumu. Angalia imesema "kumwona" au "kukaa naye". Imetaja siku na saa, au imesema tu "kwa nyakati zinazofaa"? Imemtaja baba peke yake, au na familia yake? Amri nyingi zinazozua ugomvi ni zile za mstari mmoja. Mtoto anakataa kulala kwa baba mdogo, halafu mkiisoma amri mnakuta haikusema kulala, na haikumtaja baba mdogo.

Hatua ya pili: sikiliza sababu, usiitafute

Kaa na mtoto wakati hamjiandai kwenda popote. Siyo Jumamosi asubuhi begi likiwa mlangoni, wala usiku baada ya simu ya hasira. Mnapochambua mchele au mnaporudi dukani ni wakati mzuri kuliko mkimkalisha kitini kama shahidi.

Maswali yawe wazi. "Ukiwa kule siku inakwendaje?" "Unalala wapi?" "Kuna kitu unakipenda kule? Kuna kitu hukipendi?" Usiulize "Shangazi anakupiga, sivyo?" Swali la namna hiyo limebeba jibu, na mtoto mdogo hupenda kukupa jibu unalolitaka. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama izingatie maoni ya mtoto kama yametolewa kwa uhuru. Afisa ustawi wa jamii mwenye uzoefu humtambua mtoto aliyelishwa ndani ya dakika chache. Mtoto wa miaka minane akisema "baba hatoi matunzo wala hajali elimu yangu", afisa anajua sauti hiyo ni ya nani. Mtoto yule yule akisema "nikikojoa kitandani wananicheka mbele ya wageni", hapo afisa anachukua kalamu.

Sababu utakazosikia ni za aina nyingi, na hazina uzito sawa. Nyingine ni za kawaida kabisa: kule hakuna umeme, hakuna watoto wa rika lake, anakosa mechi na wenzake, bibi anaamsha watu alfajiri kwenda shamba. Hizi hazifuti ziara. Zinabadilisha namna ya ziara, na mara nyingi ndugu wakielezwa bila matusi hurekebisha. Nyingine ni za umri. Binti wa miaka 13 aliyekuwa akilala chumba kimoja na binamu zake wa kiume tangu utotoni sasa hataki, na ana haki ya kutotaka. Wa darasa la saba anayejiandaa na mtihani wa taifa anaposema hawezi kusafiri kwenda mkoani, anasimama juu ya maneno ya kifungu cha 26 kuhusu masomo.

Kuna sababu nyingine ngumu kuzitamka: mtoto anakuonea wewe huruma. Amekuona ukilia, na anahisi akienda kwa baba yake anakusaliti. Huyo hajakataa ndugu, amebeba mzigo wako. Mwambie wazi, kwa maneno mepesi, kwamba umempa ruhusa na unafurahi yeye aende, na kwamba utakuwepo akirudi. Ni jambo gumu kulisema ukiwa bado una kidonda, lakini mimi sijui dawa nyingine.

Halafu kuna sababu zinazofuta mjadala wote.

Ukisikia hatari, acha mwongozo huu hapa kwanza

Mtoto akisema au akionyesha dalili kwamba anapigwa vibaya, anaguswa sehemu za siri, ananyimwa chakula, anatumikishwa, anatishiwa kukeketwa au kuozwa, hapo hatuzungumzii tena ratiba ya kutembelea. Usimpeleke. Nenda siku hiyo hiyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini kama kipo karibu, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Ukihisi ni ukatili wa kingono, usimwogeshe mtoto wala kufua nguo alizokuwa nazo kabla ya kumfikisha kwa daktari. Usimhoji mara tano kwa mama wadogo watano. Msikilize mara moja, andika maneno yake kama alivyoyasema, waachie wataalamu mengine. Na usikubali kikao cha ukoo kinachotaka "yaishe nyumbani". Kikao hicho hakina mamlaka juu ya kosa la jinai. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake, kwa hiyo mwalimu au jirani aliyeona naye anahusika.

Kama kuna amri ya mahakama inayotaka mtoto aende, ripoti yako ya polisi au ya ustawi ndiyo itakayoeleza kwa nini hukuitekeleza. Ukikaa kimya na mtoto asiende, utaonekana mkaidi tu. Ripoti kwanza, kisha rudi mahakamani haraka kuomba amri isimamishwe au ibadilishwe.

Hatua ya tatu: daftari

Nunua daftari la kawaida. Kila mara mtoto anapokataa, au anaporudi amebadilika, andika tarehe, saa, nani alikuwepo, mtoto alisema nini, na wewe ulifanya nini. Maneno ya mtoto yaandike kama alivyoyatamka. Kwa mfano:

*Jumamosi, saa nne asubuhi. Baba yake mdogo alifika na bodaboda. Mtoto alikuwa amevaa, begi tayari. Alipoiona pikipiki alirudi ndani akakaa nyuma ya kabati. Alisema: "Sitaki kulala na babu, anazima taa na kufunga mlango." Nilimwomba baba mdogo akae sebuleni wazungumze. Wamezungumza kama nusu saa. Mtoto hakwenda. Nimempigia bibi yake simu kumjulisha.*

Hapo hakuna tusi wala hukumu juu ya babu. Kuna mtu mzima aliyejiandaa kutii, mtoto aliyesema neno lake, na jitihada iliyofanyika. Hakimu akisoma ukurasa kama huo anajua aulize nini. Linganisha na ukurasa wenye "ukoo wao ni wachawi na mtoto anawachukia wote".

Hifadhi pia ujumbe wa simu wa kupanga ziara. Video ya mtoto akilia usiirushe kwenye magrupu. Mashauri ya watoto husikilizwa faragha kwa sababu ya msingi, na anayemtangaza mtoto mtandaoni anajiharibia mwenyewe.

Hatua ya nne: ndugu, kisha ustawi wa jamii

Isipokuwa pana hatari, anza na mazungumzo. Mtume mtu anayeheshimika pande zote mbili: mama mkubwa, mjomba, sheikh au mchungaji. Pendekeza ziara ndogo badala ya kukataza. Saa tatu za mchana badala ya kulala. Ndugu waje kwenu badala ya mtoto kwenda. Simu ya video kila Jumapili kwa bibi aliye kijijini. Kaka na dada waende pamoja, kwa kuwa sheria nayo inataka ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe ovyo.

Mkishindwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, au umwone afisa wa kata kama yupo. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya amri kama ipo, na daftari lako. Afisa atawaita wote, atamsikiliza mtoto peke yake, na anaweza kuwaandikisha makubaliano. Makubaliano ya ustawi si hukumu, ila yana faida: siku mkifika mahakamani, hakimu atataka kujua ustawi wanasemaje. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Ndoa kinamwelekeza apate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa malezi ya watoto inapowezekana, ingawa hafungwi nao.

Jambo moja lizingatie kabla ya kuingia ofisini humo: matunzo na kutembelea ni vitu viwili. Baba asiyetoa hela ya chakula anadaiwa, na kuna utaratibu wa kumdai. Kumnyima mtoto ili umkomoe kwa deni hilo hakukubaliki, kama ambavyo yeye hawezi kusimamisha matunzo kwa kuwa mtoto amekataa kuja.

Hatua ya tano: mahakamani

Kama amri ipo na mtoto ameendelea kukataa kwa sababu za maana, njia sahihi ni kuomba amri ibadilishwe. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu mahakama, wakati wowote, kubadilisha au kufuta amri ya malezi kwa maombi ya mtu yeyote mwenye maslahi, kama ilitolewa kwa taarifa zisizo sahihi au kama hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 wakati wa talaka na sasa ana 13, mzazi aliyeoa tena, ndugu aliyehamia mkoa wa mbali: haya ni mabadiliko ya kueleza.

Nenda mahakama iliyotoa amri. Kama ni ya mwanzo, karani atakueleza namna ya kuwasilisha, na huhitaji kuwa na wakili. Kama ni ya wilaya au ni shauri la Mahakama ya Watoto, utapeleka maombi yenye hati ya kiapo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo andika kwa lugha unayoimudu. Usiyeweza kulipa wakili tafuta msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata, na mashirika kama TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania), WLAC (Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) yamekuwa yakifanya kazi hii kwa miaka mingi.

Usiombe kupita kiasi. Anayeomba "mtoto asiwaone kabisa ndugu wa baba yake maisha yake yote" huonekana analipiza kisasi. Kiini cha maombi kinaweza kuwa kifupi hivi:

*"Naiomba mahakama ibadilishe sehemu ya amri inayomtaka mtoto kulala kwa babu yake kila mwisho wa mwezi, badala yake amtembelee Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Naiomba pia imwelekeze afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi na kumsikiliza mtoto faragha kabla ya uamuzi."*

Pale ambapo kuna hofu isiyotosha kufuta ziara, omba mtoto awaone ndugu mbele ya mtu mwingine: ofisi ya ustawi, nyumbani kwa ndugu anayeaminiwa na wote, au kwenye kituo cha dini. Mahakimu huukubali mpango wa namna hiyo kwa urahisi kuliko katazo la jumla.

Mtoto atasikilizwaje? Kifungu cha 99 cha Sheria ya Mtoto kinataka shauri lisikilizwe faragha, kwa namna isiyo ya kutisha, afisa ustawi akiwepo, na mtoto apewe nafasi ya kueleza na kutoa maoni yake. Kwa mashauri ya ndoa, hakimu anaweza kumwita mtoto ofisini kwake. Mwandalie mtoto jambo moja tu: mwambie ataulizwa anavyoona, hakuna jibu sahihi, na uamuzi utafanywa na hakimu, si yeye. Sentensi hiyo ya mwisho inamwondolea mzigo wa kuchagua kati ya watu anaowapenda. Usimfanyie mazoezi njiani kwenye daladala. Siku hiyo mvalishe nguo za kawaida, mpe chai, mwache aseme.

Na kama mtoto ndiye anayetaka kwenda mbele mwenyewe? Akiwa chini ya miaka 18 atahitaji mtu mzima wa kumsimamia shauri, lakini hahitaji mtu mzima kwenda kwa afisa ustawi, kwa mwalimu wa malezi shuleni, au kupiga 116. Wa miaka 15 anayeona hakuna nyumbani anayemsikiliza, huo ndio mlango wake.

Amri bado ipo, na leo ni Jumamosi

Watu wengi hukwama kati ya kufungua maombi na kupata uamuzi. Amri ya mahakama ni amri hadi ibadilishwe, na kuidharau kunaweza kukuletea adhabu. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba hujamzuia. Mwandae mtoto kwa wakati. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba leo ni siku ya kwenda. Ndugu wakifika, waache waingie wazungumze naye. Akikataa, usimbebe akipiga mateke kumtupia garini, na usimwambie "si umesikia mwenyewe?" huku unacheka. Toa siku mbadala papo hapo, kwa ujumbe wa maandishi, kisha andika kwenye daftari. Wa miaka mitano anayelia mlangoni na kutulia baada ya dakika kumi huyo aende. Watoto wadogo hulia hata wanapopelekwa wanakokupenda. Wa miaka 14 aliyejifungia chumbani na kusema sababu yake kwa utulivu ni jambo tofauti kabisa, na hakimu mwenye busara hatakuadhibu kwa kushindwa kumkokota.

Usifanye moja: kuhama naye kimyakimya kwenda mkoa mwingine au nje ya nchi. Kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama kukataza mtoto kutolewa Tanzania, na kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumtoa mtoto isivyo halali kwa anayekaa naye kihalali. Hicho cha 40 kinamgusa pia ndugu anayemfuata mtoto shuleni na kuondoka naye bila kuaga. Mwachie mwalimu mkuu nakala ya amri na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua.

Kama wewe ndiye unayekataliwa

Shangazi, babu, baba: usianze na polisi. Uliza mtoto anataka nini kibadilike, kisha ukibadilishe bila kudai maelezo. Njoo na kitu kidogo mnachokipenda nyote wawili, kaa nusu saa, ondoka kabla hajachoka. Usimseme vibaya anayeishi naye, kwa sababu yatafika. Kama unaamini kweli mtoto amelishwa maneno, omba uchunguzi wa ustawi badala ya kumhoji mtoto mwenyewe. Na kama hujawahi kumtunza mtoto huyo wala hutoki kwenye familia ya mzazi aliyefariki au aliyenyimwa malezi, nafasi yako mahakamani ni ndogo. Nguvu yako iko kwenye uhusiano wako na mzazi anayekaa naye.

Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto, namba 6 ya 2011, na mashauri ya Waislamu ya ndoa na malezi hupita Mahakama ya Kadhi. Sheria za Bara nilizozitaja usizipeleke huko.

Kenya inatumia Sheria ya Watoto ya 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, na ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inayoweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Huko pia mtoto hupewa nafasi ya kutoa maoni, na maoni hayo hupimwa kwa umri na ukomavu. Umri wa kukataa haukuwekwa. Anza kwa afisa wa watoto wa eneo lako, na namba ya simu ya watoto ni ile ile, 116.

Uamuzi usiporidhisha

Kwa uamuzi uliotolewa chini ya Sheria ya Ndoa una siku 45 za kukata rufaa, kwa kifungu cha 80. Kutoka mahakama ya mwanzo rufaa inakwenda ya wilaya, na kutoka ya wilaya inakwenda Mahakama Kuu. Omba nakala ya hukumu siku ile ile inaposomwa, kwa barua, na ubaki na barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ikichelewa kutoka, barua hiyo ndiyo ushahidi kwamba wewe hukulala.